Kazi, Posho na Ukumbusho: Tshibumba Kanda-Matulu na Ujasiri wa Kuchora Kisichoagizwa

Katika mji wa Lubumbashi neno "kazi" lina historia yake, na historia hiyo haimo katika kamusi. Mtu aliyelima mahindi nyuma ya nyumba, aliyeuza makaa kando ya barabara, au aliyechora picha na kuzitembeza nyumba kwa nyumba, akiulizwa kama ana kazi, kwa miaka mingi alijibu kwamba hana. Kazi ilikuwa ile ya mshahara. Na mshahara uliotamaniwa kuliko yote ulikuwa ule wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ikataifishwa mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Ndani ya neno hilo moja mlikuwa na nyumba ya kambi, posho ya unga, hospitali, na shule ya watoto. Aliyeingia humo alijua kesho yake itakuwaje, na alijua pia kesho ya mwanawe.

Makala haya yanamhusu mtu aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1947, ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, akaishi kwa brashi: mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu. Jina lake linajulikana zaidi ng'ambo kuliko katika mitaa alimouzia picha zake. Wanaomtaja hupenda kumsifu kama shujaa aliyeyapa kisogo maisha ya mazoea ili aufuate moyo wake. Sifa hiyo ni tamu, lakini haijapimwa. Swali letu ni hili: mtu huyu aliacha nini hasa, alichagua nini, na uchaguzi wake unatudai nini sisi tunaofundisha lugha na fasihi katika mji uleule?

Kwanza, tusimzulie hadithi. Hatudai kwamba Tshibumba aliwekewa barua ya ajira mezani akaichana. Uchoraji wenyewe ulikuwa riziki. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi na miji jirani walikuwa na wateja wao, watu wa kipato cha kawaida waliotaka picha ya kutundika sebuleni. Wateja hao walijua wanachokitaka. Walitaka Mamba Muntu, nusu mwanamke nusu samaki, agawaye utajiri kwa masharti mazito. Walitaka mandhari ya kijiji walikotoka wazee wao. Walitaka ile picha iliyoitwa "Colonie Belge", ambamo mfungwa amelazwa chini akichapwa kiboko mbele ya macho ya Mzungu. Mchoraji aliyeizoea picha moja aliweza kuirudia mara nyingi, kwa haraka, juu ya turubai la gunia la unga, akiwa na hakika kwamba itanunuliwa.

Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, walipoandika juu ya picha hizo mwaka 1976, waliona kwamba neno la msingi la wenyeji lilikuwa "ukumbusho". Kwa mwanaisimu neno hili linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika Kiswahili sanifu ukumbusho ni kitu kinachotunza habari ya jambo lililopita, kama mnara au sherehe. Kwa watu wa Shaba ya wakati ule, picha ya ukumbusho ilikuwa na nguvu ya kiambishi kile cha kusababisha: inamkumbusha mtu, inamfanya akumbuke na aseme. Mgeni aliketi chini ya picha, akaitazama, na mazungumzo yakaanza juu ya babu aliyepigwa, juu ya chifu aliyefungwa, juu ya vita vya mwaka fulani. Picha ilikuwa mlango wa masimulizi.

Hapa ndipo tunapokuta hoja ambayo wasifu wa kawaida wa wasanii huipita bila kuiona. Tumezoea kuweka upande mmoja ofisi na mgodi, na upande mwingine sanaa, kana kwamba mtu akishavuka mpaka amekwisha kuwa huru. Sanaa nayo ina posho yake. Mamba Muntu wa mia moja ni posho, sawasawa na gunia la unga la mwisho wa mwezi. Hata wachoraji wa Hangar, karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mjini mwaka 1946, ambao kazi zao za samaki, ndege na nyoka zilisifiwa Ulaya, walifanya kazi chini ya mlezi aliyewapa paa na vifaa. Hatuwadharau, Pilipili Mulongoy ni bingwa na atabaki bingwa. Tunasema tu kwamba usalama una nyumba nyingi, na moja ya nyumba hizo imejengwa ndani ya sanaa yenyewe.

Tshibumba aliishi katika nyumba hiyo kama wenzake. Alichora alivyoagizwa, akala. Lakini alikuwa na wazo ambalo hakuna mteja wa mtaani aliyeliagiza: kuchora historia yote ya nchi, tangu nyakati za kabla ya Wazungu hadi siku yake, kisha kuuvuka wakati huo na kuchora yajayo. Mwishoni mwa mwaka 1973 alikutana na Fabian, aliyekuwa akifundisha anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, tawi la Lubumbashi, akamweleza nia hiyo. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alikamilisha mfululizo wa picha zipatazo mia moja, na juu ya kila moja wawili hao walizungumza kwa Kiswahili huku kinasa sauti kikizunguka. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Remembering the Present, kilitoka mwaka 1996. Tshibumba hakujiita mchoraji tu. Alijiita mwanahistoria. Kijana wa miaka ishirini na sita, asiye na shahada, alijitwalia cheo ambacho chuo kikuu kilidhani kinakigawa chenyewe.

Tuzitazame picha mbili. Ya kwanza inahusu mgomo wa Desemba 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière walipokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville wakidai nyongeza ya mshahara, na askari wakawapiga risasi. Kimaudhui picha hii ni jibu kwa ule usalama tuliouanza nao. Posho, nyumba ya kambi na mshahara vilikuwa na bei, na bei hiyo ililipwa uwanjani. Mchoraji asiyekuwa na nyumba ya kampuni ndiye aliyewakumbusha wenye nyumba hizo jambo lililolala chini ya sakafu zao.

Picha ya pili inahusu kifo cha Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Nyuma ya maiti, kwa mbali, imesimama misalaba mitatu. Hakuna shahidi aliyeiona misalaba hiyo, wala Tshibumba hakutaka tuamini kwamba iliota porini usiku ule. Misalaba ni fikra yake: njia ya kusema kwamba kifo hiki, kama kile cha Golgota, hakiishii kaburini. Na alikisema hicho katika mji uleule uliokuwa makao makuu ya utawala uliompokea Lumumba akiwa mfungwa, mbele ya wateja ambao baadhi yao walikuwa wameupigia makofi utawala huo. Yeyote aliyeishi Lubumbashi anajua kwamba hilo halikuwa jambo la mzaha.

Mhakiki asiyetaja kasoro hamheshimu msanii. Kifani, michoro mingi ya mfululizo huu ina alama za haraka. Nyuso zinafanana, askari wamesimama kama miti, na mikono hailingani na miili. Mwanahistoria wa kitaaluma atakuta humo mambo yasiyopatana na nyaraka. Lakini mtindo haupimwi kwa usafi wa mstari peke yake. Maandishi ya Kifaransa aliyoyaandika juu ya picha, watu waliopangwa kumkabili mtazamaji kama wanaotoa ushahidi, na mpangilio unaoifanya picha moja idai nyingine, hivyo vyote ni vya mtu mmoja anayejua anakokwenda. Katika mazungumzo yale kitenzi cha "kuwaza" kina uzito wa pekee. Tshibumba hakunakili tukio. Aliliwaza, kisha akalichora lile wazo.

Kasoro nyingine si yake peke yake. Kazi hii isingekamilika bila mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo alikuwa mgeni. Ni vigumu kumfikiria mtu wa Kenya au wa Katuba ambaye angekuwa na kuta za kutundikia picha mia moja, achilia mbali fedha. Matokeo yake yako wazi: mfululizo huo leo umo katika Wereldmuseum, zamani Tropenmuseum, mjini Amsterdam. Ukumbusho uliokusudiwa kuwafanya watu wa Shaba waseme umetundikwa mahali ambapo watu wa Shaba hawaketi. Anayehubiri kwamba msanii afuate tu shauku yake, ajibu kwanza: nani atamnunulia rangi, na kazi itakaa kwa nani?

Yako wapi basi maisha ya hakika tuliyoambiwa tuyashike? Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1994 zilikuwa karibu tani 30,000 tu. Mishahara ilichelewa miezi kwa miezi, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria wa chuo chetu, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina linalotosha kuwa kilio: Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani Wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba mchoraji alishinda na mchimba madini akashindwa. Ukweli hauturuhusu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna anayejua Tshibumba alikokwenda. Hatuna tarehe ya kifo wala kaburi. Mwenye kazi aliachwa na baba yake. Asiye na kazi alipotea. Kwa hiyo hoja ya kuitetea sanaa haiwezi kuwa kwamba sanaa inalipa, wala kwamba inamlinda mwenyewe. Hoja iliyobaki ni nyembamba zaidi, nami naiona kuwa imara: lipo jambo ambalo lisingesemwa kamwe kama mtu huyu angeendelea kuchora Mamba Muntu peke yake. Mambo ya namna hiyo hayana mwagizaji. Yanamngoja mmoja ayaone kuwa ni deni lake.

Limebaki suala la lugha, nalo ndilo linalotugusa sisi. Tshibumba alieleza historia yake kwa Kiswahili cha Shaba, chenye "ba-" mahali pa "wa-", chenye "iko" mahali pa "ni" na "yuko", na upatanisho wa ngeli uliolegea. Ni lugha ileile ambayo mwaka 1965 André Yav aliiandikia historia ya mji huu kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Matini haya mawili ni miongoni mwa mambo mazito kuliko yote yaliyowahi kusemwa kwa Kiswahili magharibi ya Tanganyika. Je, yangeletwa kwetu kama kazi za wanafunzi, tungeyapa alama ngapi?

Siulizi kwa kejeli. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniletea daftari la mashairi aliyoyatunga kwa Kiswahili cha mtaani kwao, juu ya baba yake aliyeondoka kampuni kwa hiari ile isiyo hiari. Nilichukua kalamu nyekundu. Nilisahihisha kila "ba-", nikarekebisha ngeli zote, nikamrudishia. Alishukuru kwa adabu, akaniuliza kama mashairi yanaweza kumlisha mtu. Nilimjibu kwamba amalize masomo kwanza, kisha atafute nafasi katika kampuni moja ya madini iliyokuwa ikiajiri makarani. Shauri hilo lilikuwa la busara na aliyelitoa alikuwa na mshahara. Nafasi aliipata. Daftari sikuliona tena.

Sijutii kumwambia atafute riziki. Tshibumba mwenyewe aliitafuta kila siku. Ninachokijutia ni kalamu. Nilimpa posho kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikamnyang'anya sauti yake, nikidhani namfundisha lugha. Ninapendekeza kwa wenzangu wa idara kwamba tuanze kukusanya maandishi ya namna hii kama yalivyo, tuyahifadhi hapa Lubumbashi, na tuyasomeshe kando ya matini sanifu bila kuyaosha. Na yule kijana, kama kurasa hizi zitamfikia huko aliko, ajue kwamba mwalimu wake anaomba kulisoma daftari lile kwa mara ya pili, bila kalamu mkononi.