Wingu la Kibuuka Halina Mpinzani

Tangu jana sijatulia. Nilishuka kwenye boda hapa Kibuli, Kampala, nikapanda kilima hadi jirani na msikiti, na badala ya kwenda nyumbani nikabaki nimeinua uso, natazama mawingu kama mtu anayengoja mgeni. Nilikuwa nimetoka Jumba la Makumbusho la Uganda, Barabara ya Kira, ambako kwa mara ya kwanza maishani nilisimama mbele ya vitu vya Kibuuka. Hadithi za kuruka nimezipenda tangu utotoni: mazulia, farasi wenye mabawa, vyombo vya Wakanda, ile nchi ya kubuni ya sinema. Leo nasema kwa kinywa kipana: wingu la Kibuuka linavipita vyote, na lilipita juu ya ardhi hii hii tunayoikanyaga!

Kwa asiyemjua, kisa ni hiki. Kabaka Nakibinge, wa 8 katika orodha ya wafalme wa Buganda, alibanwa na Wanyoro. Hiyo ni karne ya 16. Akaomba msaada visiwa vya Ssese, akaletewa Kibuuka, ndugu yake Mukasa, yule anayeheshimiwa kama mwenye ziwa. Hakuletewa jeshi wala mitumbwi mia. Aliletewa mtu mmoja, na mtu mmoja akatosha.

Jina lenyewe linakueleza. Kwa Kiganda okubuuka ni kuruka, na kama ilivyo kwa Kiswahili, neno hilo hilo linamtosha mtoto anayeruka kamba na ndege anayepaa angani. Tena Mganda akisema ennyonyi, anaweza kuwa anazungumzia kunguru au ndege ya kwenda Dubai, sawasawa na sisi tunaposema ndege. Lugha zetu hazikuona haja ya kutenga kiumbe kinachoruka na chombo kinachobeba watu. Ndiyo maana Kibuuka hapandi chombo kwa ngazi na kufunga mkanda. Yeye na chombo chake ni kitu kimoja.

Na tazama kilivyofanya kazi! Majeshi yakishajipanga, Kibuuka alipaa, akajificha ndani ya wingu, wingu likasogea hadi juu ya vichwa vya adui. Kutoka humo akarusha mikuki na mishale. Askari wa chini ameinua ngao mbele yake, kifo kinamjia kutoka utosini. Haoni kitu. Hakuna mlio, hakuna moshi, hata kivuli kinachompitia ni cha wingu tu, na nani ataogopa kivuli cha wingu katika nchi ambayo mvua haikawii kurudi?

Linganisha sasa. Zulia la hadithi za Kiarabu linapendeza, lakini kila aliye sokoni analiona likipita. Ungo wa wachawi, ule tuliotishiwa nao utotoni, ni wa usiku tu, na anayeusafiria hataki kutambuliwa asubuhi. Magari yanayoruka katika Iwájú, filamu ya vipindi sita ya mwaka 2024 ambayo Mganda Hamid Ibrahim ni mmoja wa walioibuni, yananifurahisha sana, lakini ni magari bado: yana mwenye nayo na asiye nayo. Wingu halinunuliwi. Lipo juu ya kila mtu, mchana kweupe, na hakuna anayelishuku.

Ukitaka kuonja raha yake, njoo Kibuli mchana jua likiwa kali, umtazame ndege kaloli akiondoka jaani. Anapiga mabawa kwa shida, shingo ameikunja, miguu inaning'inia, unadhani atagonga nyaya za umeme. Kisha anaikuta hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye mabati. Hapo mabawa yananyooka, zaidi ya mita mbili na nusu kutoka ncha hadi ncha, na hayapigwi tena. Anazunguka, anapanda, anazunguka, anapanda, mpaka yule ndege mzito, mwenye kipara na mfuko shingoni, anakuwa nukta. Nukta inaingia kwenye wingu, inapotea. Mwili wangu wote ulisisimka. Waliosimulia habari za Kibuuka walikuwa watu wa kutazama juu, wenye macho makali!

Na kisa cha wingu hilo si simulizi pekee la kuruka tulilo nalo. Msafiri wa Kizungu Stanley, aliyefika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875, aliandika katika kitabu chake cha 1878 habari za Kibaga, shujaa wa Nakibinge aliyeweza kuruka. Kibaga alitangulia angani kutafuta adui alikojificha. Akishamwona, Kabaka alishambulia kwa chini, naye akaporomosha mawe makubwa kutoka juu. Simama hapo kidogo. Kwanza upelelezi wa angani, halafu mashambulizi ya chini na juu kwa pamoja. Ndugu wawili wa Wright waliruka mwaka 1903. Bomu la kwanza kuangushwa kutoka kwenye eropleni liliangushwa Libya na Mwitaliano mwaka 1911, miaka 33 baada ya kitabu kile kuchapwa. Huku kwetu mbinu nzima ilikuwa imeshasimuliwa kwenye moto wa jioni.

Lakini kilichonifanya nimpende Kibuuka kuliko wote ni namna alivyoanguka. Alionywa mapema: asichukue mwanamke wa Wanyoro, na adui asijue alipo. Chombo chake hakikutumia mafuta, kilitumia siri. Naye akachukua mateka mmoja, mwanamke wa Kinyoro, akamweka nyumbani. Mwanamke akatazama, akaunganisha mambo, akatoroka, akarudi kwao na kusema: lengeni wingu. Mishale ikaelekezwa juu. Kibuuka akajeruhiwa, akaruka hadi Mbaale, Mawokota, akaangukia juu ya mti mrefu, akafa. Nakibinge naye akafa vitani.

Wengi humsimulia mwanamke huyu kama msaliti. Mimi nakataa, nakataa kwa moyo wote. Alikuwa mateka, hakumwahidi Kibuuka chochote. Katika vita vile vyote, yeye peke yake ndiye aliyeinua macho na kulielewa wingu. Kisa kinachompa mtu uwezo wa mbinguni, kisha kikamwangusha kwa sababu alimfanya mtu mwingine nyara, ni kisa kilichokomaa. Ni wapi umeona chombo cha uchawi chenye akili ya namna hiyo?

Mimi ni Mwislamu wa Kibuli, ibada yangu iko msikitini. Lakini pale makumbusho, nilipokifikia kioo chenye vitu vya Kibuuka, nilinyamaza. Waganda waliuhifadhi mfupa wa taya wa mkubwa aliyekufa, kwa kuamini roho yake haiko mbali nao, na hekalu la Kibuuka lilisimama Mbaale hadi lilipochomwa katika vita vya dini mwishoni mwa karne ya 19. Masalia yake yakaishia Cambridge, Uingereza. Yakarejea mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Fikiria safari hiyo: aliyetoka Ssese akaruka juu ya uwanja wa vita alibebwa na wengine hadi ng'ambo, akarudi nyumbani bendera mpya ikipandishwa.

Usingoje filamu. Panda matatu, panda boda, nenda ukasimame pale makumbusho. Nenda na watoto.

Jana jioni wingu moja zito lilikuja kutoka upande wa ziwa, likasimama juu ya kilima chetu. Mpwa wangu wa miaka saba akanishika mkono. "Mjomba, unatazama nini?" Nikamsimulia yote, kuanzia Ssese hadi mti wa Mbaale. Nilidhani ataniuliza mtu anarukaje bila mabawa. Akalitazama wingu kwa muda, akasema, "Na yule mama, alifika kwao?"

Nikamwambia alifika.