Manyani, Mji wa Mawe na Yasmin: Maajabu na Mapenzi katika Riwaya Wasomazo Vijana

Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza riwaya tatu ambazo vijana wa shule wamewekewa mbele yao kwa lugha ya Kiswahili katika nyakati mbalimbali. Ya kwanza ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929, ambayo asili yake ni riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard ya mwaka 1885. Ya pili ni Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952. Ya tatu ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999. Mbili za kwanza ni za maajabu na safari. Ya mwisho ni ya mapenzi yaliyofungwa ndani ya historia ya Unguja. Kila moja ina msichana anayependwa, na swali letu ni hili: riwaya inamruhusu msichana huyo kutaka nini?

Swali hilo si dogo kwa msomaji mwenye umri wa miaka kumi na minne au kumi na saba. Barubaru na mwanamwari hawasomi kama mhakiki asomavyo. Hawatafuti dhamira. Wanatafuta mtu wa rika lao aliyewahi kukataa amri ya wakubwa, na wanataka kujua yaliyompata. Mwalimu anayewauliza maana ya majina ya wahusika amewajibu swali ambalo hawakuliuliza.

Tuanze na Haggard, kwa kuwa hatatuweka sana. Msimulizi wake, Allan Quatermain, anatutangazia mapema kwamba wanawake hawana nafasi katika kisa chake. Kisha anakumbuka kuwa wapo wawili, Gagool ambaye ni ajuza mchawi, na Foulata, msichana wa Kikukuana. Foulata anaokolewa asichinjwe kafara, anamuuguza Kapteni Good, anampenda, naye Good anaelekea kumpenda. Mtu yeyote aliyewahi kusoma hadithi mbili tatu za mapenzi anaona njia inakokwenda, na anaona pia kwamba mtungaji hakuthubutu kuifuata. Katika pango la hazina Gagool anamchoma Foulata kisu mlangoni pa jiwe, mwenyewe anapondwa na jiwe hilo, na msichana anakufa akisema kwamba ni afadhali afe, kwa kuwa mweusi na mweupe hawawezi kuungana. Baadaye Quatermain anakiri kwamba kifo hicho kiliwaondolea matatizo.

Hapa ndipo riwaya inapojifunua. Maajabu ya Haggard hayana mipaka: mlima wenye wafalme waliogeuka mawe, mchawi aliyeishi vizazi na vizazi, almasi za kujaza masanduku. Jambo moja tu halikuwezekana katika nchi hiyo ya ajabu, nalo ni ndoa ya Foulata. Mtungaji aliitabaruku riwaya yake kwa wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Hakusema wavulana wa wapi. Tafsiri ya Johnson iliifikisha kwa wavulana na wasichana ambao Foulata ni dada yao. Johnson huyu ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kukisanifu Kiswahili, na kwa hiyo kitabu hiki kimo katika msingi wa lugha tunayoifundisha. Hatusemi kichomwe moto. Vita vyake ni vizuri, na Ignosi ni mfalme wa kweli. Tunasema tu kwamba msichana mweusi wa kwanza ambaye vijana wengi walimwona akipenda ndani ya riwaya ya Kiswahili aliandikiwa aushukuru mauti yake.

Shaaban Robert ni habari nyingine, na hapa yafaa tukae.

Inajulikana kwamba Adili na Nduguze inatokana na kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, kile cha Abdullahi bin Fadhili na nduguze. Wahakiki wamelitaja jambo hilo mara nyingi, wengine kwa sauti ya kumlaumu mtungaji. Ni haba waliojiuliza alibadili nini. Alibadili mawili ambayo kwa maoni yetu ni makubwa.

La kwanza ni mahali. Kisa cha Kiarabu kiko Baghdad na Basra, chini ya Harun al-Rashid. Kina ramani na kina tarehe. Shaaban Robert ameufuta mji na mtawala. Badala yake tunaye Rai, mfalme wa Ughaibu, na Adili ni liwali wa Janibu. Ughaibu ni nchi isiyoonekana. Janibu ni pembeni. Ikibali anapotumwa kwenda kudai kodi iliyochelewa, anasafiri kutoka nchi isiyokuwapo kwenda nchi ya kando. Mtu anaweza kusema huu ni woga wa mwandishi aliyekuwa karani wa serikali ya kikoloni. Sisi tunaona kinyume chake: mfalme asiye na nchi anaweza kuhukumiwa na msomaji wa nchi yoyote, na kodi iliyochelewa inaeleweka Tanga kama inavyoeleweka Lubumbashi.

La pili ni wanyama. Katika kisa cha asili ndugu wawili wanageuzwa mbwa. Katika riwaya ya Kiswahili wanakuwa manyani. Mbwa, kwa msomaji wa pwani aliye Mwislamu, ni najisi. Mtu akimwona mbwa anachapwa hashangai sana. Nyani ana mikono. Ana uso unaojua kuomba radhi. Ikibali aliyejificha usiku anaona mwenyeji wake mpole akiwafungulia manyani wawili, akiwacharaza mijeledi mpaka wanalia, kisha anatupa mjeledi, anawakumbatia, analia nao, anawalisha. Usiku wa pili ni vivyo hivyo. Msomaji kijana haelewi, na hiyo ndiyo neema ya kitabu. Sura hizo za mwanzo zina nguvu kuliko maelezo yote yanayofuata, kwa sababu zinamwonyesha mtu mwema akitenda ukatili kwa utii.

Maelezo yanakuja baadaye: Hasidi na Mwivu ni ndugu zake, walimtendea hiana, na Huria, binti wa jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, amewageuza na kuweka sharti la kuwachapa kila usiku. Hapo ndipo tunapoona namna fantasia ya Shaaban Robert inavyofanya kazi. Maajabu yake yana sheria, na sheria hiyo inamgharimu yule yule iliyokusudiwa kumlinda. Adili amepata haki yake, na haki hiyo ni mjeledi anaopaswa kuushika mwenyewe, juu ya mgongo wa ndugu wa baba mmoja. Wanaosema kitabu hiki ni hadithi ya wema na ubaya tu wamesoma majina, hawakusoma usiku huo. Mpaka Rai mwenyewe anapoingilia kati kuwaombea, hatujui kama wema wa Adili ni wema au ni uchovu.

Na mapenzi je? Katika safari yao ya biashara Adili anaingia mji ambao watu wake wote wamekuwa mawe: wachuuzi sokoni, askari langoni, mfalme juu ya kiti. Mtu mmoja tu anapumua, naye ni Mwelekevu. Msomaji wa miaka kumi na mitano akifika hapa moyo unamdunda, na ni haki udunde. Msichana aliyebaki peke yake mwenye damu katika mji wa mawe! Mwelekevu ndiye anayesimulia mji ulivyopatwa na maafa, na katika kurasa hizo chache anazungumza kwa ufasaha kuliko mwanamke yeyote katika riwaya zilizotangulia. Alikataa imani ya watu wake wakati wote wanaye yeye walikuwa upande mmoja. Ni mwasi, na uasi wake ndio uliomwokoa.

Kisha mtungaji anamwachilia. Mwelekevu anapanda chombo, na tangu hapo anakuwa kitu cha kuhusudiwa. Nduguze Adili wanamtazama kama wanavyoitazama mali, na wanamtosa Adili baharini kwa ajili ya vyote viwili. Uasi wa msichana hauonekani tena. Jina lake, ambalo lina maana ya mtu asikiaye mwongozo, linamfunga. Tunaona hapa udhaifu mkubwa wa kitabu. Moto wote uko kwa ndugu watatu, na penzi limeachiwa makaa. Anayeandika riwaya ya maajabu kwa vijana wa leo angefanya vizuri kuanza pale Shaaban Robert alipoacha, yaani ndani ya mji ule, katika ile miaka ambayo msichana aliishi peke yake kati ya sanamu za jamaa zake. Alikula nini? Alizungumza na nani? Aliwachukia au aliwaonea huruma? Riwaya nzima iko humo.

Vuta N'kuvute inatupeleka kwenye ramani halisi. Tuko Unguja katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, kabla ya uhuru wa Desemba 1963 na mapinduzi ya Januari 1964. Yasmin ni msichana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15, na ameozwa Bwana Raza, mwenye duka, ambaye ana miaka 52. Mtungaji anazitaja hesabu hizo bila kupandisha sauti. Wanahamia Mombasa; Yasmin anatoroka na kurudi Unguja; mjomba wake anamfungia mlango; anakwenda Ng'ambo kwa Mwajuma, rafiki yake Mwafrika, na huko anampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayesakwa na polisi kwa siasa zake.

Adam Shafi hakuandika kwa ajili ya watoto wa shule. Ni shule zilizomchukua, na riwaya hii imekuwa ikisomwa katika kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania; mwaka 2021 Amil Shivji aliitolea filamu. Inachekesha kidogo kwamba Haggard aliyewaandikia wavulana aligeuka kuwa kitabu cha kujifunzia lugha, na Shafi aliyewaandikia watu wazima akawa rafiki wa wasichana.

Sababu ya urafiki huo ni wazi. Yasmin anatenda. Anaondoka kwa mume kwa miguu yake, haokolewi na mtu. Inspekta Wright anapotaka kumtumia awe jasusi juu ya Denge, anajikuta ana siri mkononi, na siri ni aina ya uwezo. Mlango wa mjomba unaofungwa unafanya kazi ile ile ya jini katika Adili na Nduguze: ni sheria isiyobembelezeka. Tofauti ni kwamba sheria hii ina jina, ina dini, ina kabila, na msomaji anaweza kuitambua nyumbani kwao. Riwaya ya mapenzi ya kihistoria ikiandikwa vizuri huichukua historia kuwa jini lake.

Hata hivyo kuna kasoro tusiyoweza kuinyamazia. Denge anahutubu. Penzi lake kwa Yasmin linakuja baada ya chama, na pale anapofungua kinywa kuzungumzia ukoloni tunamsikia mwandishi nyuma ya pazia. Mwajuma, asiye na nadharia yoyote, ana uhai mara mbili ya Denge. Wapo wanafunzi wanaolalamika kwamba mwishoni Denge anakwenda ng'ambo ya bahari na Yasmin anaolewa na Bukheti, kijana aliyemfahamu tangu Mombasa. Wanaona wamenyimwa haki yao. Sisi tunaona huo ndio ujasiri wa kitabu. Haggard alimuua msichana ili asiolewe na mtu asiyefaa. Shafi amemwacha Yasmin aishi, apoteze mtu aliyempenda, na achague tena kwa macho makavu.

Tuseme neno juu ya kwetu. Nchini Kongo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, nacho kina nafasi katika madarasa ya mwanzo. Halafu Kifaransa kinashika usukani. Maana yake ni kwamba katika umri ule ule wa kutafuta majini na mapenzi, kijana wa Lubumbashi au wa Bukavu huyapata kwa Kifaransa, na akija kukutana na Shaaban Robert katika chuo kikuu ana miaka ishirini na zaidi, na anamsoma kama mtu asomaye sheria. Kusema hivyo si kusema kwamba Kiswahili chetu hakijui kusimulia historia. Mwaka 1965 wazee waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu waliandikiwa kwa Kiswahili cha hapa tarihi ya mji wa Élisabethville, ile ambayo Johannes Fabian aliichapisha upya mwaka 1990. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimsimulia Fabian huyo, kwa Kiswahili na kwa picha, historia nzima ya nchi. Humo mna boi aliyeona yote jikoni, mna reli, mna migodi, mna vita. Msichana wa miaka 15 aliyeozwa katika kambi ya wafanyakazi wa migodi angeweza kutembea ndani ya kurasa hizo kama Yasmin atembeavyo Ng'ambo, na angezungumza lugha ambayo hakuna kijana wa mji huu angehitaji kamusi kuielewa.

Mpaka hapo, tungependekeza kwa walimu wenzetu jambo moja la utaratibu. Katika mwaka wa kwanza, Vuta N'kuvute itangulie, kwa kuwa sentensi zake ni fupi na mazungumzo yake yana harufu ya mtaa. Adili na Nduguze ifuate, na ianze kusomwa kwa sauti darasani, bila maelezo ya majina, kuanzia usiku ule Ikibali anaposikia kilio cha manyani na kuchungulia.