Mkasi wa mhariri una mipaka yake

Hebu tujiulize: kalamu ya mhariri inafaa kukomea wapi? Kisa cha Raymond Carver (1938-1988), mwandishi wa hadithi fupi wa Marekani, kinatupa jibu.

Carver alisomea uandishi huko Chico, California, chini ya John Gardner. Mwalimu huyo alimkatia maneno bila huruma, ila mengine waliketi wakayajadili. Tena alimpa ufunguo wa ofisi yake apate pa kuandikia.

Mhariri Gordon Lish naye alivuka mpaka. Katika mkusanyiko wa 1981, baadhi ya hadithi zilipoteza zaidi ya nusu ya maneno. Julai 1980, Carver alimwandikia akimsihi asitishe uchapishaji. Wapi! Kitabu kilitoka, kikasifiwa, naye Carver, wakati huo akifundisha uandishi Syracuse, akavishwa taji la ufupi ambao kwa kiasi kikubwa haukuwa wake.

Linganisha 'The Bath' ya Lish na 'A Small, Good Thing', ambayo Carver aliirejesha baadaye. Ya kwanza inakatika simu ikilia, hatima ya mtoto haijulikani. Ya pili inawafikisha wazazi waliofiwa kwa mwokaji mikate, anayewaomba radhi na kuwalisha mikate moto.

Sikatai, ya Lish ina makali. Lakini huruma, ambayo ndiyo roho ya Carver, ilibaki sakafuni. Walimu na wahariri wenzangu, tukate, ila tujadiliane kwanza na mwenye hadithi.