Tundu la Hewa la Dashibodi: Namna ya Kuitambua Kazi Nzuri

Kipimo cha kwanza ni kidole kimoja. Sukuma kibao cha tundu la hewa juu, kiache. Kisukume chini, kiache. Kikibaki pale ulipokiacha, kazi imeanza vizuri. Kikianguka chenyewe gari likipita kwenye matuta, au kikidai nguvu ya dole gumba mpaka plastiki ilie, kazi haijaisha, hata kama dashibodi imefutwa ikang'aa. Tundu lililotengenezwa vizuri hugeuka kwa ulaini lakini halilegei, na vibao vyake vyote huinama pamoja.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu ya hali ya hewa yetu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake haina mchezo. Noah au HiAce inayotoka Kidugala na wanafunzi wa seminari, akina mama na mizigo yao, madirisha yote yakiwa yamefungwa, hujaa pumzi yenye unyevu, na pumzi hiyo ikigusa kioo cha baridi hugeuka maji. Dar es Salaam tundu likikwama watu hulalamikia joto. Huku dereva haoni barabara. Anafuta kioo kwa kitambaa, usukani ameushika kwa mkono mmoja, na Makambako iko mbele, pale barabara ya Songea inapokutana na TANZAM na malori yake ya kwenda Zambia. Matundu ya pembeni nayo wengi huyadharau, ilhali ndiyo yanayosafisha vioo vya milango ili dereva aone vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma.

Kukwama kwenyewe kuna sababu zake. Kila kibao hushikiliwa na pini mbili ndogo za plastiki, moja kila upande, na nyuma ya vibao kuna kiungio chembamba kinachovifunga pamoja ili ukigeuza kimoja vyote vifuate. Kiangazi kikija, vumbi la barabara za vijijini huingia kwenye matobo ya pini na kugeuka tope gumu likikutana na unyevu. Abiria anasukuma kwa nguvu, pini inakatika, kibao kinalala, na kiungio kinajipinda kikakwamisha vibao vilivyobaki vizima. Kwa hiyo tundu lenye kibao kimoja kilichovunjika mara nyingi linaonekana limekufa lote.

Hapa ndipo mafundi wanapotofautiana. Wa kwanza hupaka supagluu kwa mbele, kibao kikasimama wima, akachukua hela yake. Hiyo si kutengeneza, ni kugandisha, na safari hii tundu limekwama kwa gundi badala ya vumbi. Wa pili hulitoa tundu lote, akaligeuza, akasoma maandishi madogo yaliyochongwa nyuma ya plastiki. Akikuta ABS, anajua gundi itashika. Akikuta PP, yaani polipropilini, au POM, ile plastiki ngumu yenye utelezi, anajua gundi ya kawaida itabanduka baada ya siku chache, na anatafuta njia nyingine. Ukimwona fundi anageuza plastiki kuelekea mwanga na kuisoma kabla ya kugusa chupa ya gundi, mwachie gari.

Njia hiyo nyingine nimeiona Makambako, na ni kazi ya kupendeza. Dereva alikuwa na haraka. "Kaka, weka mafuta tu tuondoke." Fundi akamjibu bila kuinua kichwa, "Mafuta ya nini, bro? Pini haipo." Akachukua kipande cha spoki ya baiskeli, akakata urefu wa punje ya mchele na ushei, akakishika kwa koleo na kukipasha moto, kisha akakizamisha taratibu mahali pini ilipokatikia, akikichungulia kwa jicho moja kisiende upande. Alipoona kimesimama akatulia, plastiki ikapoa na kukibana. Halafu akatumia tupa: akapiga mara mbili, akajaribu kwenye tobo, akapiga tena mara moja. Kibao kikaingia na kugeuka kama bawaba ya mlango mpya. Gundi hakutumia hata tone.

Ubora wa kazi ya namna hii uko kwenye ile tupa. Chuma kikiachwa na ncha kali, kitakula tobo la plastiki, na baada ya miezi michache kibao kitaanza kugonga. Tega sikio gari likiwa kwenye barabara mbovu: tundu zuri halina mlio.

Mafuta yana habari yake. Oili ya injini, au dawa ile ya kupuliza ya kulegeza nati zenye kutu, hulainisha siku hiyohiyo kisha hukaribisha vumbi, na mwezi ujao tundu ni gumu kuliko mwanzo. Baadhi ya mafuta ya petroli hudhoofisha plastiki pia. Kinachofaa ni kuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwa brashi laini, kukausha kabisa, kisha kupaka grisi ya silikoni kidogo sana kwenye pini peke yake. Ukipitisha kidole juu ya vibao kikatoka na utelezi, fundi amepaka pasipotakiwa.

Kingo za dashibodi nazo hueleza mengi. Bisibisi ya chuma huacha majeraha meupe pembeni mwa tundu, na majeraha hayo hayafutiki. Fundi makini hutumia kabari ya plastiki au ya mti, na hujua klipu ziko wapi kabla ya kuvuta. Kwenye magari yenye eabegi, akilazimika kufungua dashibodi yenyewe, hufungua kwanza waya hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa. Asiyefanya hivyo simwamini na kazi nyingine yoyote ndani ya gari langu.

Ukinunua tundu la mtumba, pinda kidogo ukingo wake kabla ya kulipa. Plastiki iliyochomwa na jua miaka mingi hutoa mlio mkavu na hupasuka upesi. Afadhali tundu lako la zamani lenye pini ya spoki kuliko la namna hiyo.

Sasa kuna kosa linalokula hela za watu bure: kubadilisha tundu ambalo halina tatizo. Vibao vikigeuka vizuri lakini hewa haitoki, ugonjwa uko nyuma. Weka kipande cha karatasi laini mbele ya kila tundu, washa feni, zungusha swichi kutoka usoni kwenda miguuni hadi kioo cha mbele. Karatasi ikicheza palepale tu, popote unapozungusha, kifuniko cha ndani kinachogawa hewa hakisogei. Kwenye magari ya zamani mara nyingi kebo imechomoka au imekatika, kwenye mapya ni mota ndogo inayokigeuza. Hakikisha pia gari linavuta hewa ya nje. Likizungusha ya ndani, linazungusha pumzi ileile ya abiria, na kioo hakitakauka.

Na hewa ikitoka kwa nguvu lakini ni baridi, usigombane na dashibodi. Mafundi wengi wakikuta injini inachemsha hung'oa thamostati, wakaamini wameponya gari. Thamostati huzuia maji ya rejeta mpaka injini ifike nyuzi 80 na ushei. Ikiondolewa, kwenye baridi ya Njombe injini haipati moto wa kutosha, hita haina cha kutoa, na mafuta yanaliwa zaidi. Wengine hukuta hita inavuja wakazikwepesha hozi zake, wakaacha hivyo miaka yote. Muulize fundi wako leo kama thamostati ya gari lako bado ipo na kama hozi za hita zimeunganishwa.