Ndoo ya Maji Bei Gani?

Kabla hajasema neno lolote kuhusu yeye mwenyewe, aliuliza bei ya ndoo ya maji.

Ilikuwa Septemba 2015, katika kijiji kimoja cha Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Mikorosho ilikuwa imechanua, na chini ya ile iliyotangulia mabibo ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka, harufu yake imetanda uwanja mzima. Gari la matangazo lilizima muziki. Mwenyekiti wa mkutano akamtambulisha mgombea ubunge, vigelegele vikapigwa, mama yule akashika kipaza sauti na kuwaamkia wazee shikamoo. Walipokwisha kuitikia marahaba akauliza: “Ndoo leo ni bei gani hapa?”

Waliokaa mbele wakajibu mia tano. Kutoka nyuma, mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni akasema mia saba.

Wagombea wengi niliowahi kuwasikiliza wangeikamata ile mia saba na kuipigia kelele jukwaani, kwa kuwa inauma zaidi. Yeye aliinamisha kichwa kidogo, akauliza: “Mia saba wapi, mama?” Kule nyuma ya shule, akajibiwa, kwa sababu bodaboda lazima apite kwenye mchanga mzito, na wengine hawakubali kwenda kabisa. Mgombea akatoa daftari mkobani, akaandika bei zote mbili. Akauliza tena: “Na masika?” Masika wenye mabati wanakinga, akaambiwa. Wa nyumba za nyasi wananunua mwaka mzima. Hilo nalo akaliandika, watu wakimsubiri kimya kwa utulivu ambao sijauona mara nyingi kwenye mkutano wa kampeni.

Nimekuwa nikihudhuria mikutano hii tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995, chini ya miembe, kwenye viwanja vya mpira, masokoni. Naipenda kazi ya kuomba kura inapofanywa na anayeijua, kama mtu anavyopenda kumtazama fundi seremala anayepima mbao mara mbili kabla ya kugusa msumeno. Siku ile nilijua niko mbele ya fundi.

Asiyeijua Newala atashangaa kwa nini ndoo ndiyo iwe mlango wa hotuba. Uwanda ule uko juu, hewa yake safi na baridi ya asubuhi, lakini udongo wake wa kichanga unayanywa maji yote ya mvua na kuyapeleka chini kabisa. Chemchemi ziko mabondeni, kwenye miguu ya milima. Wazee walijenga juu, maji wakayaacha bondeni, na wanawake wakawa wanashuka genge na kulipanda, vizazi kwa vizazi, ndoo kichwani. Mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni ulianza tangu enzi za mkoloni, na tangu hapo kila serikali imekuta pampu za kufufua. Hakuna mgombea anayeweza kusimama pale na kusema kwa jumla tu kwamba ataleta maji. Watu wameshayasikia hayo kabla hajazaliwa.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Siku hizi kila mtu jukwaani hutamka neno kero. Kero za wananchi, kero za jimbo, nitazimaliza kero zenu. Neno limetumika mpaka limelegea kama kamba ya kisima. Fundi analifumua na kutoa nyuzi zake moja moja: hii ni ya pampu, hii ni ya umeme wa kuisukuma, hii ni ya bomba lililopasuka, na hii ni ya yule anayekata maji ya kijiji kizima kwa sababu watano hawajalipa. Kila uzi una mwenyewe, na mgombea lazima awajue wenye nyuzi. Yule mama aliwajua. Barabara kuu ya kwenda Masasi na Mtwara, alisema, ni ya TANROADS, na ya kwao hii ya kuingilia kijijini ni ya halmashauri. Kwa ile ya kwanza mbunge husimama Dodoma wakati wa bajeti, akauliza swali la msingi na la nyongeza mpaka waziri ajibu. Kwa hii ya pili hukaa kwenye baraza la madiwani, kwa kuwa mbunge naye ni mjumbe wa baraza lile, na hapo sauti yake ni moja kati ya nyingi. (Leo ingembidi aitaje, kwa barabara kama hii ya kijijini, TARURA iliyoanza 2017, na kwa maji ya vijijini RUWASA ya 2019. Somo la nani anashika nini halimaliziki, na mgombea asiyelirudia kila miaka mitano anawapa watu anwani za zamani.)

Kilichonifanya nisogee mbele zaidi ni korosho. Aliomba kibakuli cha korosho ghafi, kijana mmoja akakimbia nyumbani akaleta. Mgombea akahesabu ishirini, akazipanga mezani kwa safu, watu wa mbele wakasimama ili waone. “Hii ndiyo bei ya kilo moja mnadani,” akasema, akionyesha safu nzima. Akachukua moja, akaiweka pembeni: “Huu ni ushuru wa halmashauri, asilimia 5.” Akasogeza nyingine, ya usafiri, ya ghala, ya magunia, ya chama cha msingi, ya chama kikuu cha ushirika, na kila aliposogeza alitaja jina la makato kama yanavyoandikwa kwenye stakabadhi, si kwa jina la kupamba. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa umeingia Mtwara tangu 2007, na kila mkulima pale alikuwa na hadithi yake ya malipo ya kwanza yaliyokuja na malipo ya pili yaliyopotelea njiani. Lakini wachache walikuwa wameiona hadithi hiyo ikipangwa mezani, kitu kwa kitu.

Kisha akafanya jambo ambalo naliheshimu mpaka leo. Akaigusa korosho ya ushuru: hii inazungumzwa halmashauri, na sheria yenyewe inatungwa Bungeni, nitaibeba. Akaigusa ile ya chama cha msingi: “Hii mmeipitisha wenyewe kwenye mkutano wa wanachama. Mbunge hawezi kuifuta. Mkutano ujao mwende.” Uwanja ukanung’unika. Mzee mmoja wa kofia ya mkono akauliza kwa sauti, “Sasa wewe utatufanyia nini?” Mgombea hakuharakisha. Akamjibu, “Mzee wangu, nikikuahidi hii, utaninyima kura mwaka 2020, na utakuwa na haki.” Yule mzee akatazama korosho zilizokuwa mezani, akaketi.

Kumwambia mpiga kura kwamba jambo fulani halimo mikononi mwako, siku ile ile unayomwomba kura, kunataka mtu aliyeisoma kazi anayoiomba. Anayekwepa hapo huahidi bandari bondeni. Anayejua hupunguza ahadi zake mpaka zibaki zile anazoweza kuzishika kwa mkono, halafu huzisema kwa nguvu yote.

Ufundi huu una shule yake nchini, na shule kali kuliko zote ilifunguliwa Septemba 1965. Tanzania Bara ilikuwa imeingia mfumo wa chama kimoja, na karibu katika kila jimbo TANU ilisimamisha wagombea wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Mikutano iliandaliwa na chama, wagombea wakapanda jukwaa moja, wakanadiwa kwa zamu mbele ya watu wale wale. Ukabila, dini na rangi vilikatazwa, na hotuba ilikuwa kwa Kiswahili. Chama kimoja, ilani moja. Mtu aseme nini kumtofautisha na mwenzake aliyeketi kando yake? Kilichobaki kilikuwa kisima, daraja, zahanati, shule, bei ya pamba, na swali la nani anaonekana jimboni na nani ameshahamia mjini. Kwenye uwanja huo wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa, akiwamo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, mtu aliyetoa jasho kujenga ushirika wa wakulima wa pamba Usukumani. Jina kubwa halikumtosha.

Siutamani mfumo ule, kwa sababu uhuru wa kuchagua chama ni jambo kubwa na haubadilishwi na kitu. Lakini natamani mgombea wa leo afanye zoezi moja la 1965: afikirie kwamba mpinzani wake ameketi pembeni yake, anasikia kila neno, na atasimama baada yake mbele ya watu hao hao.

Vilevile kulikuwa na miaka ambayo ufundi ulikaribia kununuliwa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, na pilau, chumvi na kanga zikawa zinatangulia hoja. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu kile kinapingana na Katiba. Nimeona pia, kabla na baada ya hukumu ile, watu wakila ya mtu na kumpa kura mwingine, na sikuwahi kuwalaumu. Mama yule wa Newala hakugawa kitu. Korosho ishirini alizirudisha kibakulini, akamkabidhi kijana mwenyewe mbele ya wote.

Ilipokaribia saa 12 jioni, saa ambayo kampeni lazima zinyamaze, alikuwa katikati ya habari za zahanati. Akatazama saa ya mkononi, akakata, akaaga, akarudisha kipaza sauti. Msafara ukajiandaa kuondoka, lakini yeye akamtafuta yule mwanamke wa mia saba, wakaongozana kuelekea nyuma ya shule. Niliwafuata kwa mbali. Mchanga kweli ulikuwa mzito, na viatu vyake alivivua, akavishika mkononi.

Walisimama kwenye nyumba ya mwisho. Pembeni palikuwa na kisima cha saruji cha kukingia maji ya mvua, kimepasuka kutoka mdomoni hadi chini. Bibi mmoja alikuwa ameketi kibarazani, anapepeta mahindi. Mgombea akamwamkia, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ufa.

“Huu wa tangu lini, bibi?”

Bibi akamweleza, taratibu, tangu mvua za mwaka gani, na nani aliwahi kuja kuuziba kwa udongo. Mgombea akaandika. Bibi akamtazama, maana mkutanoni hakwenda.

“Na wewe ni nani, mwanangu?”

“Nimekuja kuuliza habari za maji, bibi,” akasema, akafungua ukurasa mwingine.