Kosa, Dhambi au Kasoro? Falsafa ndani ya Mfalme Edipode

Samuel S. Mushi alipoitoa Mfalme Edipode mwaka 1971 kupitia Oxford University Press, alimpa msomaji wa Kiswahili hadithi ya mtu aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila kujua. Alimfungulia pia mlango wa falsafa. Sophocles aliiandika tamthilia hiyo yapata mwaka 429 K.K., Socrates akiwa hai katika mji uleule wa Athens. Mwaka 423 K.K. Aristophanes alimpandisha Socrates jukwaani katika vichekesho vya Mawingu ili achekwe, na Plato, katika Utetezi, anamwonyesha mwalimu wake akiwakumbusha mahakimu madhara ya kicheko kile. Baadaye Plato aliwafukuza washairi katika Jamhuri yake ya kubuni, naye Aristotle akawatetea. Anayesoma wanafalsafa hao akaiacha tamthilia huwa anasikiliza upande mmoja tu wa shauri.

Shauri lenyewe linaweza kufuatwa kwa neno moja. Katika sura ya 13 ya Poetiki, Aristotle anasema kwamba mhusika anayefaa tanzia si mwema kupita wote wala si mwovu, bali ni mtu anayeanguka kwa sababu ya hamartia, na Edipode ni mmoja wa mifano yake. Tuiiteje hamartia kwa Kiswahili? Maneno matatu yanagombea nafasi hiyo, na kila moja lina falsafa yake.

La kwanza ni kasoro. Limetufikia kupitia madarasa ya Kiingereza, ambako shujaa wa tanzia hutafutiwa ila katika tabia yake. Mkondo huo ulipata nguvu kutokana na mihadhara ya A. C. Bradley juu ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1904. Tukilifuata, Edipode ameangushwa na kiburi, na kama angalikuwa mnyenyekevu angalipona. Mwaka 1966 E. R. Dodds aliupinga usomaji huo kwa hoja ambayo haijapoteza makali: Edipode alikwisha kuua na kuoa miaka mingi kabla tamthilia haijaanza, naye hakujua alichokitenda. Unyenyekevu wa leo haufuti tendo la jana.

La pili ni dhambi. Msomaji aliyelelewa na Biblia ana sababu ya kulipendelea, kwa kuwa Agano Jipya la Kigiriki hutumia neno lilelile, hamartia, na Biblia ya Kiswahili huliita dhambi. Tena mji wa Thebe umepigwa na tauni kwa ajili ya unajisi wa damu iliyomwagika. Lakini unajisi humpata mtu hata asipokusudia, ilhali dhambi, kama tulivyozoea kuihukumu, inauliza nia. Sophocles mwenyewe alilirudia swali hili uzeeni. Katika Edipode wa Kolono, iliyoigizwa mwaka 401 K.K. baada ya kifo chake, kipofu yule anajitetea kwamba alitenda bila kujua, na kwamba kule njiani yeye ndiye aliyeshambuliwa kwanza. Aristotle, katika kitabu cha 3 cha Maadili ya Nikomako, anaufikia msimamo ulio karibu na huo: tendo lililofanywa kwa kutojua, kisha mtendaji akaumia moyoni kwa ajili yake, si tendo la hiari.

La tatu ni kosa, na hapa Kiswahili kina jambo la kuifundisha falsafa. Kitenzi cha Kigiriki kilichozaa hamartia kilitumika kwa mkuki uliopita kando ya shabaha. Nasi tunasema mwindaji amekosa mnyama, msafiri amekosa gari, mtoto amemkosea mzazi wake. Kitenzi kimoja kinabeba kutopata kilicholengwa na kutenda lisilofaa. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuchagua moja kati ya maana hizo. Mfasiri wa Kiswahili anaweza kuziacha zikae pamoja, kama zilivyokaa katika Kigiriki. Edipode alikosa kwa maana zote mbili. Aliihama Korintho ili asimdhuru mtu aliyemdhania baba, na safari hiyohiyo ikamfikisha njia panda kwa baba wa kweli.

Kosa haliondoi lawama yote. Pale njia panda kulikuwa na pigo, na pigo lilijibiwa kwa hasira. Seneca, Mrumi wa falsafa ya Wastoiko, aliyeandika risala kuhusu hasira na pia Edipode wake mwenyewe kwa Kilatini, alishikilia kwamba hasira yapasa kung’olewa kabisa. Waswahili wangemwitikia: hasira, hasara. Aristotle aliruhusu hasira yenye sababu na kiasi. Je, mtu mmoja aliyepigwa fimbo ya kichwa, akawaua karibu wote waliokuwa kwenye msafara, alikuwa na kiasi? Tamthilia haijibu, nasi tunabaki tukiipima kauli ya kila mmoja juu ya maiti zile.

Kwa Waswahili wa Ingleburn, kusini-magharibi mwa Sydney, uchaguzi huu wa neno si wa kitaaluma tu. Mtoto hurudi kutoka shuleni na kasoro, mzee hurudi kutoka ibadani na dhambi, nao hula meza moja. Tiresia anamtabiria Edipode kwamba anayedhaniwa mgeni mkaazi atafichuka kuwa mzaliwa wa Thebe. Msomaji wa ughaibuni hahitaji maelezo marefu kuhusu mtu aliyekimbia kwao ili kuwanusuru wazazi, akagundua amechelewa. Atakaposikia jirani akisemwa kwa kuwa mzazi wake alizikwa bila yeye kuwapo, atalazimika kuamua: je, huyo ana kasoro, ana dhambi, au amekosa?

Swali hilohilo linamfaa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya mwaka 1969. Ahadi ya maji iliwaunganisha watu, kisha ikawapeleka mbele ya risasi za Wajerumani. Kumwita mwenye dhambi ni kumgeuza tapeli, na kumtafutia kasoro ni kuisahau dhuluma iliyowafanya watu waihitaji ahadi ile. Neno kosa linatuwezesha kuyatazama matumaini yake na maiti kwa pamoja.

Wahakiki wetu waliliteua neno tanzia, ambalo kwa asili ni habari ya kifo. Anayepokea tanzia huenda msibani kwanza, lawama husubiri. Aristotle anasema huruma humstahili aliyepatwa na balaa asilostahili, na hofu hutushika kwa kuwa aliyepatwa ni mtu kama sisi. Kasoro na dhambi huibana huruma hiyo mapema, kabla shauri halijasikilizwa. Ndiyo maana ningependa walimu wa fasihi, wanapofika kwenye hamartia, waandike ubaoni neno kosa, kisha waanzishe mjadala.