Wapaka rangi wa ramani za kale

Kupaka ramani rangi kwa mkono ni ufundi uliostawi Ulaya katika karne ya 16 na ya 17. Bamba la shaba lilichapa mistari myeusi tu. Rangi ilifuata kwa brashi, nakala moja baada ya nyingine. Abraham Ortelius, aliyetoa atlasi yake mwaka 1570, aliandikishwa katika chama cha mafundi cha Antwerp mwaka 1547 kama mpaka rangi wa ramani. Chati za nyota za Andreas Cellarius (1660) zilipambwa vivyo hivyo.

Karatasi hupakwa kwanza maji ya shabu ili isinyonye rangi. Rangi huchanganywa na gundi ya mgunga, kisha hupakwa nyepesi ili majina yasomeke. Kijani cha kutu ya shaba hubadilika kuwa kahawia na kupenya karatasi. Ndiyo maana wajuzi hugeuza ramani na kuikagua mgongoni.

Ramani ya Ortelius ya 1573 inaonyesha Mto Nile ukitoka katika maziwa mawili makubwa kusini mwa ikweta. Maziwa hayo ya kukisia nayo yalipakwa rangi kwa uangalifu, mwambao hadi mwambao.